Shajara ya mradi: namba zilizogawiwa na namba zinazotangazwa

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Leo nimeanza. Kazi yenyewe inasemeka kwa sentensi moja: kuchukua orodha za masjala, zinazosema namba za mtandao amepewa nani, kuziweka kando ya jedwali la njia la BGP (lugha ambayo mitandao hutumia kuambiana njia), linaloonyesha namba hizohizo anazitangaza nani, kisha kuandika kila mahali ambapo viwili hivyo havikubaliani.

Kilichonisukuma ni jambo la zamani. Nilikuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti hapa Dar es Salaam, tukapata fungu jipya la anwani zinazoanza na 102. Tarehe 3 Februari 2011, mafungu makubwa matano ya mwisho ya IPv4, anwani za intaneti za mtindo wa zamani, yaligawiwa masjala tano za dunia, kila moja fungu moja, na AFRINIC ya Mauritius ikapata 102. Anwani zetu zilikuwa halali kabisa. Tukawapa wateja wa Kariakoo, na kesho yake simu zikaanza. Tovuti hii inafunguka, ile haifunguki. Tulipekua siku nne. Hatimaye tukagundua kuwa ng'ambo, kwenye ruta za watu tusiowajua, kulikuwa na chujio la miaka mingi nyuma lililosema: 102 haijagawiwa kwa yeyote, itupe. Siku lilipoandikwa lilisema kweli. Hakuna aliyekumbuka kulifuta.

Mama mmoja muuza vitenge alinipigia siku ya tatu. "Mwanangu, mimi sijui 102 wala 103. Ninachojua mzigo wangu uko Guangzhou na tovuti ya kulipia haifunguki." Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku ile orodha ya namba kwangu si kitu cha kuchezea, kwa sababu nimeona inavyomfikia mtu dukani.

Jumanne

Nimeshusha faili za masjala zote tano: AFRINIC, APNIC, ARIN, LACNIC na RIPE NCC. Kila masjala huchapisha faili yake kila siku, maandishi matupu, mstari mmoja kwa kila rekodi. Mstari huwa hivi (nimeweka anwani iliyotengwa kwa ajili ya mifano, nisimwanike mtu):

afrinic|TZ|ipv4|192.0.2.0|256|20090817|assigned

Masjala, nchi, aina, mwanzo wa fungu, ukubwa, tarehe ya kugawiwa, hali. Kuna toleo fupi na toleo pana. Nimechukua pana, kwa kuwa ndilo linaloorodhesha pia namba ambazo hazijagawiwa na zile zilizowekwa kando, na mwishoni mwa kila mstari linaongeza alama inayounganisha rekodi zote za mwenye mali mmoja bila kumtaja jina.

Jambo moja nimeliandika kwa wino mwekundu kwenye daftari: ile TZ haimaanishi kwamba anwani inatumika Tanzania. Ni nchi aliyojiandikishia mwenye fungu. Mashine yenyewe inaweza kuwa Mombasa, Frankfurt au popote. Nimewahi kusoma ripoti zilizojengwa juu ya kosa hilo tangu ukurasa wa kwanza.

Jumatano

Matokeo ya kwanza yametoka. Ni ya kutisha, na ni ya uongo.

Skripti yangu, programu ndogo niliyoiandika ya kulinganisha, ilidai kwamba karibu IPv6 yote (anwani za mtindo mpya) ya Afrika inatangazwa bila kugawiwa. Nilikaa kimya nikaitazama skrini, kisha nikarudi kwenye maelezo ya faili. Ile sehemu ya ukubwa ina maana mbili. Kwenye IPv4 ni idadi ya anwani: 256 ni anwani 256. Kwenye IPv6 ni urefu wa sehemu ya mwanzo isiyobadilika ya fungu, ambao mafundi tunauita slashi, na slashi ikiwa ndogo fungu ni kubwa: 32 ni slashi 32, bahari ya anwani isiyohesabika kwa vidole vya binadamu wote. Mimi nilikuwa nimeisoma kama anwani 32. Mtandao mzima nikauhesabu kama kijumba.

Alhamisi

Kosa la pili limejificha zaidi. Nilidhani kila mstari wa IPv4 ni fungu moja nadhifu, 256 au 512 au 1024. Si hivyo. Kuna mistari yenye 768. Ukubwa huo hauingii kwenye slashi yoyote, lazima ugawanywe, na mgawanyo unategemea fungu linapoanzia. Likianza 10.0.1.0, unapata slashi 24 moja kwanza (anwani 256), halafu slashi 23 (anwani 512) kuanzia 10.0.2.0. Likianza 10.0.0.0, slashi 23 ndiyo inatangulia. Skripti yangu ilikuwa inashusha hadi slashi iliyo chini, na mwenye 768 kila alipobaki na 512 alinyang'anywa theluthi ya mali yake kwenye hesabu zangu.

Nimeandika upya sehemu hiyo. Umeme ulikatika saa kumi jioni, nikamalizia kwa betri.

Ijumaa

Upande wa pili sasa, jedwali la njia. Nimetumia vyanzo viwili: RouteViews ya Chuo Kikuu cha Oregon na RIS ya RIPE NCC. Vyote viwili vina vikusanyaji, kompyuta zinazoongea BGP na mitandao mingi lakini hazibebi trafiki ya mtu. Kazi yao ni kusikiliza na kuandika walichoambiwa na majirani. RouteViews huhifadhi picha ya jedwali zima kila saa 2, RIS kila saa 8. Jedwali la IPv4 sasa lina njia karibu milioni moja, na faili ya kikusanyaji kikubwa ni mamia ya megabaiti hata ikiwa imebanwa. Bando la wiki nimelimaliza leo.

RouteViews wana kikusanyaji Nairobi pia, pale KIXP, na hicho nimekichukua kwa moyo. Kituo kile cha kubadilishana trafiki kilianza mwaka 2000, kikafungwa na mamlaka baada ya wiki mbili hivi, kikarudi mwaka 2002. Kabla yake, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani ilipanda setilaiti ikazunguka Ulaya au Marekani ndipo irudi. Leo pale pale kuna sikio linaloandika njia za ukanda wetu, zikiwemo ambazo hazisikiki kwingine.

Wiki ya pili, Jumatatu

Niliiacha skripti ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi haikuwa imefika hata robo. Ilikuwa inachukua kila njia na kuipitisha kwenye kila mstari wa masjala, moja baada ya nyingine. Nimezipanga rekodi kwa mpangilio wa anwani, sasa inatafuta kwa kugawa nusu kwa nusu, kama mtu anavyotafuta neno kwenye kamusi. Dakika tatu.

Jumanne

Nimegundua kuwa wingi wa "tofauti" zangu ni suala la saa. Faili ya masjala ni ya jana. Jedwali ni la leo mchana. Mtu akigawiwa fungu asubuhi na kulitangaza adhuhuri, kwangu anaonekana mvamizi. Tena mafungu huhama kutoka masjala moja kwenda nyingine, na katikati ya safari kuna siku rekodi imeshaondoka huku na haijatokea kule. NRO, umoja wa masjala hizi, huchapisha faili moja iliyounganishwa, nayo imenisaidia, ila saa bado ni saa. Nimejiwekea kanuni: tofauti isiyodumu siku saba mfululizo haiingii kwenye orodha.

Kanuni ya pili inahusu masikio. Njia nyingine anaisikia jirani mmoja tu wa kikusanyaji. Zimo anwani za 10.0.0.0, zile za ndani ya nyumba na ofisi, ambazo jirani fulani amezivujisha kwa kikusanyaji pekee na hazijawahi kuingia intaneti. Kuziita uvamizi ni kumsingizia mtu. Kwa jedwali kubwa nataka njia isikike kwa majirani 10 au zaidi. Kwa Nairobi nimeacha kiwango hicho kwa sababu majirani ni wachache, nikaiweka orodha yake pembeni.

Baada ya kanuni hizo mbili orodha imepungua hadi inasomeka na mtu mmoja kwa siku moja. Nimefurahi kuliko siku yoyote ya mradi huu.

Alhamisi

Siku nzima kwenye namba za AS. Namba ya AS ni utambulisho wa mtandao mzima: kampuni ya simu, benki, chuo. Kwenye jedwali kila njia hubeba mfululizo wa namba hizi, kutoka aliyekusimulia hadi mwenye mali mwishoni. Nilitegemea kukuta wezi. Nimekuta zaidi mikono iliyoteleza.

Aina ya kwanza ni namba za faragha, 64512 hadi 65534. Mteja anazitumia kuongea na mtoa huduma wake, na mtoa huduma anapaswa kuzifuta kabla ya kupeleka tangazo nje. Akisahau, dunia nzima inaona mwishoni mwa njia namba ambayo haina mwenyewe. Mstari mmoja kwenye ruta unatibu.

Ya pili ni 23456. Hii ilitengwa wakati namba za AS zilipoongezwa kutoka biti 16 hadi 32. Ruta ya zamani isiyoelewa namba ndefu huona 23456 badala yake. AFRINIC hugawa namba ndefu kuanzia 327680, kwa hiyo mitandao mingi michanga ya kwetu, ikipita kwenye mtambo mkongwe, hupoteza jina lake na kuvaa hilo la pamoja.

Ya tatu ndiyo imenichukua mchana wote. Nilikuta njia inayoonekana kuanzia AS3. AS3 ni ya MIT, chuo kikuu kule Marekani, na kwenye jedwali ilionekana kama mteja wa mtandao mdogo wa huku kwetu. Mtandao huo nitauita AS64500, namba ya mifano. Fungu la anwani ni lao, rekodi ya masjala ni safi, lakini jedwali linasema mwanzilishi ni MIT.

Nilichora kwenye karatasi ndipo nikaelewa. Fundi alitaka njia yake ya akiba isipendwe, na dawa inayojulikana ni kurudia namba yako mara kadhaa ili njia ionekane ndefu. Kwenye ruta za MikroTik, ambazo zimejaa kwenye minara na vyumba vya mitambo vya Afrika Mashariki, unaandika ni mara ngapi: 3. Kwenye ruta za aina nyingine unaandika namba yenyewe ya AS, umeirudia. Fundi aliyezoea ya kwanza akakaa mbele ya ya pili na kuandika 3. Ruta ikatii: ikaweka AS3 kwenye njia, kisha mbele yake ikaweka namba ya mtandao wake, kama kanuni inavyotaka. Tangu hapo MIT ikawa "mwanzilishi".

Nimemwandikia fundi huyo bila kumlaumu, nikamwekea mstari sahihi. Amejibu baada ya saa moja: "Asante sana kaka, nimebadilisha, naomba uangalie tena." Nimeangalia. Imenyooka.

Wiki ya tatu, Jumanne

Leo ni kundi ninaloliogopa: mafungu ambayo masjala inasema hali yake ni reserved, yaani yamewekwa kando, na bado yanatangazwa na kusikika na majirani wote. Kwa macho ya haraka huu ni wizi. Mtu amekalia nyumba iliyorudishwa kwa mwenye ardhi.

Moja ya mafungu hayo linatangazwa na mtoa huduma wa hapa nchini kwa niaba ya chuo kimoja cha bara. Nikatafuta namba ya simu ya idara yao ya TEHAMA.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, nikaeleza taratibu. Akanyamaza kidogo, akaniomba nimsubiri, nikasikia droo ikifunguliwa. Akarudi na hadithi ambayo sasa naamini iko nyuma ya mistari mingi ya aina hii. Fungu waliomba wenyewe, miaka ya nyuma, likaandikishwa kwa barua pepe ya mtaalamu wao mmoja. Mtaalamu akahamia kazi nyingine, barua pepe yake ikafungwa, na ankara za kila mwaka zikaendelea kwenda kwenye sanduku lililokufa. Mwaka mmoja nakala ikafika kwa posta hadi uhasibu. Mhasibu akaona dola, akaona Mauritius, akaona jina la Kiingereza asilolijua, akaiandika pembeni kwa kalamu: "Utapeli, isilipwe." Karatasi hiyo ndiyo mzee aliyokuwa ameishika.

"Kwa hiyo mwanangu, hizi anwani si zetu tena?"

Nikamwambia ukweli: kwenye karatasi, hapana. Kwenye ruta, bado mnazitumia, kwa sababu masjala haina mkono wa kuzima ruta ya mtu. Namba ikifutwa kwenye orodha, hakuna taa inayozimika popote. Mtandao unaendelea hadi siku fungu hilo litakapopewa mwingine, au mtu wa mbali atakapoanza kuchuja kila kilichowekwa kando. Siku hiyo maabara ya kompyuta, mfumo wa matokeo na barua pepe za chuo vitapotea kwa sehemu ya dunia, na hakuna atakayejua kwa nini.

Akauliza wanafunzi wako kwenye mitihani, kuna hatari wiki hii? Nikamwambia wiki hii sidhani, lakini asilale.

Jumamosi

Nilikusudia kuchapisha orodha nzima leo. Sitaichapisha.

Najua watu wataifanya nini. Wataipakia kwenye ruta kama chujio, moja kwa moja, kama ilivyofanyika kwa 102. Mstari wa chuo kile utakaa sawa na mstari wa mtuma barua taka anayevamia fungu lililolala. Mimi nimeongea na mzee yule, ruta haijui kwamba ameshaanza kushughulikia. Nitapeleka kila mstari kwa mwenyewe na kwa anayeutangaza, na nitatoa hadharani zile za kiufundi tu, zenye namba za faragha na 23456, ambazo hazimsingizii mtu wizi.

Wiki ya nne, Jumatatu

Jambo limenisumbua tangu Jumamosi na leo nimelikabili. Nimekuwa nikitafuta mahali vitabu viwili vinapotofautiana. Je, mwizi mwenye akili si angehakikisha vinalingana?

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Mwaka 2019 ilifichuliwa kwamba mafungu makubwa ya anwani za Afrika, baadhi yakiwa ya zamani, yalikuwa yamechukuliwa kwa kubadilisha rekodi zenyewe za masjala. AFRINIC walichunguza, na ripoti yao ya Januari 2021 ilitaja anwani zaidi ya milioni 4. Jedwali la njia liliwaonyesha waliokuwa wakizitumia, na rekodi zikawathibitisha. Skripti yangu ingewapitisha bila hata kusita, mstari kwa mstari, kwamba wako sawa.

Upande mwingine kuna upungufu ambao nilikuwa naujua na nikaupuuza. Tarehe 24 Februari 2008, mtandao wa Pakistan ulitangaza 208.65.153.0/24, kipande cha fungu la YouTube, na kwa saa mbili hivi YouTube ikapotea kwa sehemu kubwa ya dunia. Anwani ilikuwa imegawiwa. Namba ya AS ilikuwa imegawiwa. Kila kimoja kilikuwa halali peke yake, na faili za masjala hazisemi AS gani ina ruhusa ya kutangaza fungu gani. Hiyo ni kazi ya RPKI, pale mwenye fungu anapoweka saini ya kidijitali inayoitwa ROA: fungu hili, litangazwe na AS hii. Nimeanza kuziingiza ROA kwenye skripti. Kwa fungu lisilo na ROA naandika tu kwamba halina, sidai zaidi.

Alhamisi

Njia niliyoiona kwa wizi wa karatasi ni kulinganisha masjala na masjala yenyewe ya jana, ya mwaka jana, ya miaka kumi iliyopita. Faili za zamani zimehifadhiwa. Fungu lililokaa kimya miaka mingi, halafu rekodi yake ya masjala ikabadilika, na baada ya wiki chache likaanza kutangazwa kutoka bara jingine, linastahili kuulizwa. Huenda kampuni ilinunuliwa kwa halali. Huenda pia jina la tovuti la kampuni iliyokufa lilisajiliwa upya na mtu baki, akapokea barua pepe zao na kujifanya wao. Faili haitanijibu ni lipi kati ya hayo, ila itanionyesha tarehe, na kwa tarehe naweza kumpigia mtu simu.

Faili za zamani zinashuka tangu alfajiri. Naziweka kwenye diski ya nje, kila mwaka folda yake.

Ijumaa

Saa nne asubuhi nimefungua faili mpya ya AFRINIC. Mstari wa chuo bado unasema reserved. Njia yao bado inasikika na majirani wote.

Nimempigia mzee. Mtihani umekwisha salama. Barua ya kuomba kurudishiwa uanachama imekwenda Mauritius, na wamejibiwa. Yule mhasibu sasa amekuja mwenyewe ofisini kwake kuuliza AFRINIC ni nani, wakasoma ukurasa wao pamoja. Hati ya malipo iko mezani kwa mkuu wa chuo, inangoja saini, na mkuu yuko Dodoma hadi Jumatatu.

Nitaangalia tena Jumanne, faili ikitoka.